Laptopu imezeeka: uiongezee nguvu au ununue nyingine? Namna ya kuamua hatua kwa hatua

Tangu Microsoft ilipositisha rasmi masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za kati ya mwaka 2012 na 2017 wanaambiwa kila duka wanaloingia kwamba mashine zao zimekwisha. Wako wanaoambiwa kweli. Lakini wako pia wanaouziwa mashine nyingine ilhali ile waliyoiacha nyumbani ilihitaji diski mpya na kusafishwa feni tu. Na upande wa pili kuna mtu anayeitia laptopu pesa kila baada ya miezi michache, leo RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kesho betri, keshokutwa kioo, mpaka jumla inapita bei ya mashine bora kuliko hiyo, na kazi aliyokusudia bado haiwezi.

Nimeandika mwongozo huu ili uamue mwenyewe ukiwa nyumbani umetulia, kabla hujasimama mbele ya muuzaji wa Kariakoo au Luthuli Avenue. Ninachokisisitiza ni kimoja: usiamue kwa umri wa laptopu wala kwa jinsi inavyokuudhi. Amua kwa vile vitu ndani yake visivyobadilishika. Diski, RAM, betri, kibodi, feni na kioo hubadilishwa. Prosesa (chipu inayofanya mahesabu yote) na bodi kuu, kwa karibu laptopu zote zilizotoka miaka kumi iliyopita, ni kitu kimoja kilichochomelewa, na kukibadilisha ni sawa na kununua nusu ya mashine. Basi swali la kwanza ni kama prosesa na bodi uliyonayo vinatosha kwa kazi yako ya miaka miwili au mitatu ijayo. Vikitosha, kilichobaki ni hesabu ya vipuri. Visipotosha, usiitie hata shilingi.

Hatua ya 1: Andika kazi unazofanya

Chukua karatasi. Orodhesha programu unazofungua kwa wiki nzima na ngapi zinakuwa wazi kwa wakati mmoja. Kuandika barua na ripoti, Excel ya mahesabu ya duka, kivinjari chenye tabo kumi na tano, mikutano ya Zoom, kuhariri picha za harusi, kuchora ramani za nyumba, kukata video. Kisha ongeza kazi ambayo huifanyi sasa lakini una uhakika utaianza mwaka huu. Ya kuota ota usiiweke.

Karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri wowote wa dukani. Mwenye steshenari anayechapa, kuskani na kujaza fomu za watu mtandaoni hahitaji mashine ya mhariri wa video. Prosesa ya mwaka 2015 inamtosha kabisa, maana mifumo mingi anayoitumia inafunguka ndani ya kivinjari. Mhasibu vivyo hivyo, isipokuwa mafaili yake ya Excel yawe na makumi ya maelfu ya mistari. Lakini kijana anayeanza kukata video za ukubwa wa 4K, au mwanafunzi wa usanifu majengo anayehitaji michoro ya pande tatu, atahangaika na laptopu ya prosesa ya viini viwili (sehemu mbili tu za kufanyia kazi) hata akiijaza RAM mpaka pomoni.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako kwa majina

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Utaona modeli ya laptopu, jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Andika vyote kwenye ile karatasi.

Jina la prosesa ndilo linalowapoteza wengi. Watu husoma "i7" wakafurahi, wakaiacha "i5" mezani. Kinachosema zaidi ni namba zinazofuata baada ya kistari. Kwenye i5-6300U, ile 6 inamaanisha kizazi cha sita. i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-10210U ni cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Na tofauti ya vizazi si ya jina tu. Prosesa i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili. I5-8250U iliyotoka mwaka mmoja baadaye ina vinne. Kwa kazi nyingi zinazokwenda pamoja, hiyo i5 inaiacha mbali hiyo i7. Kwa laptopu nyembamba za ofisini zenye Intel, kizazi cha nane ndicho mpaka mkubwa: hapo viini viliongezeka, na hapohapo Windows 11 inaanza kukubali mashine.

Sasa betri. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika powercfg /batteryreport. Kompyuta itakuambia imehifadhi ripoti wapi. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili, "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Wa kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni uwezo ilionao leo. Wa pili ukiwa zaidi ya asilimia 70 ya wa kwanza, iache betri ifanye kazi. Ukishuka chini ya nusu, ihesabu kama kipuri cha kununua, hasa kama unaishi panapokatika umeme mara kwa mara.

Kwa diski, pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Itakuonyesha kama diski yako ni ya kuzunguka au SSD (ya chipu, isiyozunguka), na hali yake ya afya. Ikiandika "Caution" kwa rangi ya njano au "Bad" kwa nyekundu, simama hapo hapo ukanakili mafaili yako yote mahali pengine kabla ya jambo lingine lolote. Laptopu utapata nyingine. Picha za marehemu mzazi wako na tasnifu uliyoiandika miaka miwili hazipatikani dukani.

Hatua ya 3: Mtafute anayekuchelewesha

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Washa laptopu, fungua programu zako zote za kawaida, subiri mpaka uzito uanze. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Nenda kwenye "Performance". Utaona asilimia za prosesa, RAM na diski zikipanda na kushuka.

Diski ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa iko kwenye 15 au 20, basi mgonjwa ni diski. Laptopu nyingi za zamani zilitoka na diski ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika, na Windows ya kisasa husoma vifaili vidogo vidogo maelfu bila kupumzika. Diski ya aina hiyo inalazimika kuhamisha kichwa chake kila mara, na kila safari inachukua muda. SSD haina kinachozunguka. SSD ya kawaida ya SATA husoma hadi kama megabaiti 550 kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka inakuwa karibu na 100 siku yake ikiwa nzuri. Na kwenye vifaili vidogo vidogo tofauti ni kubwa zaidi ya hiyo. Kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka, hujui kasi yake halisi. Hujawahi kuiona.

RAM ikiwa juu ya asilimia 85 muda wote, na diski nayo inahangaika, basi nafasi haitoshi na kompyuta inatumia diski kama RAM ya kuazima. GB 4 kwa Windows 10 au 11 na kivinjari ni njaa. GB 8 ni kima cha chini cha kufanya kazi kwa amani. GB 16 inatosha watu wengi kabisa.

Prosesa ikiwa imejaa asilimia 100, tazama kasi iliyoandikwa hapo chini kabla hujailaumu. Ikisoma karibu na GHz 0.8 wakati inafanya kazi nzito, prosesa inabanwa. Huenda feni imejaa vumbi na mashine inajipunguza ili isiungue. Huenda chaja si yake: laptopu nyingi za Dell zikishindwa kuitambua chaja hushusha kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri, na mwenyewe akabaki anasema mashine imezeeka. Jaribu chaja halali ya mtu mwingine kwanza. Lakini kama kasi iko juu, joto ni la kawaida, na bado prosesa imejaa kwa kazi zako za kila siku, hapo umegonga dari lenyewe.

Hatua ya 4: Fanya ya bure na ya bei ndogo kwanza

Kwenye Task Manager kuna sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe. Zima zote usizozihitaji. Ondoa programu za kulinda virusi zilizorundikana mbili au tatu, ubaki na ile ya Windows yenyewe. Acha nafasi tupu kwenye diski. Kisha mpelekee fundi afungue, apulize vumbi, na abadilishe ile grisi ya joto kati ya prosesa na shaba ya kupoozea, ambayo hukauka baada ya miaka kadhaa. Kwa mji wenye vumbi kama Dodoma, au kwa mashine inayokaa juu ya godoro, kazi hii peke yake inaweza kurudisha kasi iliyopotea.

Mwambie fundi afungue mbele yako. Si kwa kumdharau; ni kwa sababu kifuniko kikiwa wazi ndio wakati wako wa kuangalia mambo ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Tazama dari liko wapi

Angalia kwanza RAM. Je, ina nafasi mbili za kuchomeka, moja, au imechomelewa yote kwenye bodi? Hapa ndipo mashine mbili zinazofanana kwa nje zinapotengana. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa sana mitaani kwetu, ina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4. ThinkPad T480 nayo ina mbili. ThinkPad X240 ina nafasi moja, na mwisho wake ni GB 8. ThinkPad X1 Carbon zote na MacBook Air zote zimechomelewa: uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. MacBook Pro za Retina, kuanzia mwaka 2012, ni vivyo hivyo. Laptopu yenye GB 4 zilizochomelewa bila nafasi ya kuongeza, kwangu mimi, hesabu yake imefungwa kwa Windows. Kama ni lazima utumie Windows, usiinunulie chochote.

Usichanganye aina. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na hata mikato iliyo kwenye ukingo wa vipande vyake haikai mahali pamoja. Mashine za kizazi cha nne cha Intel zinataka DDR3L, ile ya volti 1.35 yenye maandishi PC3L. Ukiweka DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 haitawaka. Njia salama ni kwenda dukani na kile kipande cha zamani mkononi. Na kama una nafasi mbili, vipande viwili vya GB 4 vinavyofanana vinaipa michoro ya kioo kasi nzuri kuliko kipande kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa inasoma vyote kwa pamoja.

Jambo moja la soko: tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, maana viwanda vinaelekeza chipu zake kwenye seva za akili mnemba. Kwa hiyo usitegemee bei uliyotajiwa na rafiki mwaka juzi. RAM iliyotolewa kwenye laptopu nyingine haina shida, kwani ni kipuri kisichochakaa haraka. Ijaribu tu kabla ya kulipa.

Kisha diski. Mashine za zamani zina chumba cha diski ya inchi 2.5, na SSD ya SATA inaingia moja kwa moja. Nyingine zina tundu la M.2, lile la kipande chembamba cha milimita 22 kwa 80. Hapo uwe makini, kwa sababu kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, zinafanana umbo na matundu mengine yanakubali aina moja tu. Kwa kawaida ya SATA ina mikato miwili na ya NVMe ina mmoja, lakini usikisie: tafuta modeli yako mtandaoni pamoja na neno M.2, au jaribu palepale dukani. Laptopu yenye sehemu ya DVD inaweza kuwekewa kifremu maalumu mahali pa DVD, ukabaki na diski mbili: SSD ya kuendeshea na ile ya zamani ya kuhifadhia.

La mwisho ni mfumo endeshi. Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. Ikikukatalia, bado una njia. Kwa mtumiaji wa nyumbani, Microsoft iliongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Kuna mafundi wanaoweka Windows 11 kwa kukwepa ukaguzi. Inafanya kazi, ila Microsoft haikuahidi kwamba mashine hizo zitaendelea kupata masasisho, kwa hiyo nisingeiweka kwenye mashine inayofungua akaunti za benki za biashara.

Njia ninayoipenda ni Linux Mint. Toleo la 22 litapata masasisho hadi mwaka 2029, ni bure, na kwenye laptopu ya GB 4 yenye SSD linatembea vizuri kwa kivinjari, barua, na LibreOffice badala ya Word. Unaweza kulijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Kikwazo ni programu: kama kazi yako inategemea AutoCAD, QuickBooks ya kusakinisha au Photoshop, Mint si jibu lako. Kama unaishi ndani ya kivinjari, mashine ya mwaka 2013 inaweza kukutumikia kwa miaka mingine.

Kwa wenye Mac, Apple ilitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac za prosesa za Intel. MacBook ya Intel itaendelea kuwaka, lakini sioni sababu ya kuifanyia matengenezo makubwa sasa.

Hatua ya 6: Pima mwili

Kuna magonjwa ambayo hata prosesa ikiwa nzuri yanatosha kukufanya uachane na mashine. Bodi iliyomwagikiwa maji au chai ni la kwanza. Inaweza kuwaka leo, lakini kutu inaendelea kula nyaya ndogo ndogo ndani, na kwetu pwani chumvi ya hewa inaiongezea kasi. Mashine inayozima ghafla, inayotaka kuchomolewa betri ndipo iwake, au ambayo matundu yake ya USB yanakufa moja moja, iache. Ikiwa fundi anakwambia atapasha moto chipu ya michoro ili irudi, usilipe. Hurudi kweli, kwa wiki au miezi, kisha hufa tena.

Bawaba zilizong'oa plastiki zinatengenezeka kwa bei ndogo kama vipuri vya modeli hiyo vimejaa, na hapa ndipo EliteBook, Latitude na ThinkPad za maofisini zinapotofautiana na laptopu za bei rahisi za nyumbani. Za ofisini zimeingia kwa maelfu, kwa hiyo kibodi, kioo, bawaba na kava vinapatikana kutoka mashine zilizokufa. Modeli ngeni, hata ikiwa nzuri, itakutesa siku kibodi ikifa.

Betri iliyovimba ni jambo la leo, si la wiki ijayo. Ukiona padi ya kipanya imeinuka, kibodi imebinuka, au kifuniko cha chini hakikai sawa mezani, zima, chomoa chaja, mpelekee fundi aitoe. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiitupe jalalani inakochomwa takataka. Mwachie fundi anayezikusanya au mnunuzi wa taka za kielektroniki.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya tofauti

Kosa la kawaida ni kulinganisha gharama ya vipuri na bei ya mashine mpya. Linganisha na tofauti utakayotoa mfukoni. Chukua bei ya mashine nyingine unayoitaka, toa kiasi utakachopata ukiuza yako ilivyo. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kubadilisha.

Tuseme una EliteBook 840 G3 yenye GB 4 na diski ya kuzunguka. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu, wewe weka za mtaani kwako. SSD na RAM zinafika shilingi 150,000, betri 80,000, jumla 230,000. Mashine ya kizazi cha nane yenye GB 8 na SSD inauzwa 550,000, na yako unaweza kuiuza 200,000. Tofauti ni 350,000. Vipuri vimekula karibu theluthi mbili ya tofauti hiyo, na baada ya kuvinunua bado una prosesa ya viini viwili isiyokubaliwa na Windows 11. Kwa mtu anayehitaji Windows na ana mpango wa kukaa na mashine miaka mitatu, hapo ningebadilisha. Lakini betri ikiwa bado nzima, gharama inashuka hadi 150,000, na kwa mwenye steshenari aliye tayari kutumia Mint, ningetengeneza bila kusita.

Kanuni ninayoitumia: vipuri vikiwa chini ya nusu ya tofauti na dari la mashine linafikia kazi zilizo kwenye karatasi, tengeneza. Vikizidi nusu, badilisha. Na usigawanye matengenezo vipande vipande bila kuyajumlisha mwanzoni. Orodhesha kila kinachohitajika leo na kinachoonyesha dalili, jumlisha, ndipo uamue.

Hatua ya 8a: Ukiamua kutengeneza

Fuata mpangilio huu: SSD kwanza, kisha RAM, kisha betri. Baada ya kila kimoja, tumia mashine siku kadhaa. Wengi wakishaweka SSD hugundua kwamba RAM waliyonayo inatosha.

Usihofie leseni. Leseni ya kidijitali ya Windows hushikamana zaidi na bodi, kwa hiyo ukiweka SSD mpya na kusakinisha toleo lile lile ukiwa mtandaoni, inajitambua yenyewe, mradi ilikuwa halali tangu mwanzo. Sakinisha upya kutoka kwenye flashi ya GB 8 badala ya kunakili diski nzima ya zamani pamoja na uchafu wake. Kabla ya hapo, hakikisha una ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski), kwani laptopu nyingi husimba diski bila mwenyewe kujua. Kwa kawaida ufunguo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Bila ufunguo huo, mafaili yaliyosimbwa hayafunguki kwa fundi yeyote.

SSD feki zipo. Ya bei ya kutupa inayodai terabaiti mbili huwa na chipu ndogo iliyodanganywa kuripoti ukubwa ule, na ukishapita uwezo wake halisi mafaili yanaharibika kimya kimya. Ijaze na kuisoma yote kwa programu ya bure ya H2testw ndani ya muda wa dhamana ya duka. Betri mpya nayo ipimwe kwa ile ripoti ya powercfg baada ya kuichaji na kuimaliza mara mbili tatu. Ikisoma nusu ya kilichoandikwa kwenye lebo, irudishe. Diski ya zamani kama ni nzima, inunulie kasha la USB uitumie kuhifadhi nakala.

Hatua ya 8b: Ukiamua kubadilisha

Kwa anayenunua mtumba wa Ulaya, Marekani au Dubai, kima changu cha chini ni hiki: kizazi cha nane cha Intel, GB 8 za RAM zenye nafasi ya kuongeza, SSD, na kioo cha 1920 kwa 1080. Vioo vya 1366 kwa 768 bado vinauzwa kwa wingi, na macho yako yatalipia. Tundu la USB-C linalochaji ni neema, maana chaja moja ya wati 65 itatosha mashine na simu.

Dukani, usipokee maneno. Endesha powercfg mwenyewe. Jaribu kila tundu, kila kitufe, kamera, spika na Wi-Fi. Funika na kufunua kioo taratibu ukitazama kama picha inacheza. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), ikidai nywila asiyoijua muuzaji, iache mezani. Mashine zilizotoka makampuni makubwa huwa zimesajiliwa kwenye mifumo ya usimamizi wa mbali: ukiifuta na kuiwasha upya ikiwa mtandaoni, inakusalimia kwa jina la kampuni na kukuomba barua pepe ya mfanyakazi. MacBook nazo zina kufuli la akaunti ya mwenye kwanza. Kwa hiyo omba ifutwe na iwashwe mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti, kabla pesa haijatoka. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani.

Andikiwa risiti yenye namba ya utambulisho ya mashine (serial number) na siku za dhamana. Ile ya zamani usiiuze siku hiyo hiyo. Kaa nayo wiki mbili huku ukihamisha mafaili na kuhakikisha printa, programu na nywila zote zinafanya kazi kwenye mpya. Ndipo uondoke kwenye akaunti zako zote, uchague "Reset this PC", uondoe kila kitu na kukubali chaguo la kusafisha diski, uiache mpaka imalize hata kama itachukua usiku mzima, na umkabidhi mnunuzi pamoja na chaja yake.